Shangingi la mtumba: Range Rover, X5, ML au Lexus RX, lipi litakuonya kabla ya kuzima?

Mtu anayetafuta shangingi lililokwisha kutumika huanza na swali lilelile: lipi haliharibiki? Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na huwa namrudishia swali: likiharibika, ungependa likuambie mapema au likushtukize? Maana yote huharibika. Ukinunua gari la kifahari la miaka 12 umenunua pia mabomba ya plastiki ya miaka 12, sili za mpira za umri huohuo, na waya zilizopikwa na joto la injini muda wote huo. Bei ya gari imeshuka, ya spea haikushuka.

Kuna hitilafu zinazopiga hodi: tone la oili sakafuni, mlio wa asubuhi unaokoma baada ya sekunde mbili, taa ya njano kwenye dashibodi. Na kuna zinazovunja mlango: uko barabara kuu, kishindo kimoja, injini kimya. Nikiyaweka pamoja Range Rover Sport, BMW X5, Mercedes ML na Lexus RX, hapo ndipo ninapoyatenganisha, si kwa kuhesabu malalamiko. Idadi hudanganya. Mwenye gari zima hana sababu ya kumsimulia mtu, na gari lililouzwa kwa wingi litalalamikiwa kwa wingi. Ila watu wasiojuana wakieleza kifo kilekile cha injini ileile, hayo si manung'uniko tena.

Halafu beji haitoshi. X5 mbili zinaweza kufanana kuanzia taa hadi viti, na chini ya boneti zikawa na injini mbili zisizo na undugu wowote. Muuzaji aulizwe injini kwanza, rangi ya ngozi ya viti baadaye.

Range Rover Sport

Kizazi cha kwanza, cha 2005 hadi 2013, kilikuja na dizeli ya V6 ya lita 2.7, na kuanzia 2009 ikaingia ya lita 3.0, ambayo iliendelea hadi kwenye kizazi kilichofuata. Ni injini tamu kuiendesha: imetulia, inavuta, haina pupa ya mafuta. Tatizo ni krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Beringi inayoishikilia hutoka mahali pake na kuzunguka, tundu la oili linazibwa, chuma kinasugua chuma kikavu, na mwisho krenki inakatika. Wanaosimulia mkasa huu hurudia maneno yaleyale: hapakuwa na taa, hapakuwa na moshi, na sevisi ilifanyika kwa wakati.

Huo ndio uvunjaji mlango wenyewe. Jicho halioni kitu, mashine ya kusoma kodi (alama za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari) haina cha kusoma. Kipimo pekee ninachokiamini, tena nusunusu, ni filta ya oili. Muuzaji akikubali, mwaga oili, toa filta ya zamani, kata karatasi yake kwa kisu, itandaze mezani na uigeuzegeuze juani. Weusi ni kawaida kwa dizeli. Ukiona vichembe vinavyometameta kama vumbi la kioo, mshukuru mwenye gari kwa muda wake uende zako. Asipokubali, uliza kama injini imewahi kubadilishwa. Kwa magari mengi injini iliyobadilishwa huwatia watu hofu. Kwa hili, yenye risiti ya fundi anayeeleweka hunipa usingizi. Na usidhani ni kazi ya mchana mmoja: kwenye kizazi cha kwanza mafundi wengi huinyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi ili wafanye kazi kubwa ya injini au turbo.

Petroli ya V8 ya lita 5.0, iliyoingia 2009, ina maradhi ya aina nyingine. Ncha ya kikaza cheni huchimba bao linaloiongoza cheni ya taimingi, ile inayooanisha vali na krenki, cheni inalegea, na asubuhi injini ikiwa baridi unasikia mtatariko kama misumari inayotikiswa kwenye kopo. Pia kuna mabomba ya plastiki ya maji ya rejeta, moja limejificha nyuma chini ya supachaja, ambayo huzeeka na kupasuka kwenye maungio. Yote mawili yakipuuzwa huua injini. Lakini yote mawili hupiga hodi. Cheni hupiga kelele. Maji hupungua kidogo kidogo kwenye chupa, na ukizima gari pua inapata harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, iliyomwagikia chuma cha moto.

Kwa hiyo mtu ambaye moyo wake umegandia Range Rover Sport ningempeleka kwenye V8 yenye risiti ya cheni na mabomba, kabla ya dizeli yenye kilomita chache na kitabu kisafi cha sevisi. Najua wanaopiga hesabu za mafuta hawatanielewa.

BMW X5

Hapa nitagusa injini tatu za E70, yaani kizazi cha pili, baada ya maboresho ya 2010, na tofauti yake ni kama mchana na usiku.

Ya 50i ni V8 ya lita 4.4 ambayo turbo zake mbili zimelazwa ndani ya V, katikati ya safu mbili za silinda. Kwenye V8 nyingine nyingi moshi wa moto hutokea pembeni mwa injini. Hapa joto lote limerundikwa juu katikati, na kila kilicho karibu, sili, mipira, waya, kinaokwa. Sili za vali hukauka, oili inateremka kwenye silinda na kuungua. Mwenye gari anaongeza oili, wiki chache mbele gari linadai nyingine. Desemba 2014 BMW yenyewe ilianzisha nchini Marekani mpango maalumu wa kuwahudumia wenye injini hiyo: kukagua cheni, nozeli, sensa, mpaka betri. Mwenye kiwanda akiwaita wateja wake kukagua cheni, mnunuzi wa mtumba naye asione aibu kudai ikaguliwe.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikishapata moto, iache ikiunguruma palepale dakika 15, usiguse kitu. Kisha mtu akanyage mafuta kwa ghafla nawe usimame nyuma. Wingu la bluu likitoka kwenye ekzosi, umepata jibu, hata kama dashibodi haina taa hata moja.

Ya 35i, silinda sita za mstari, lita 3.0, ndiyo ambayo ningeitafuta kwanza. Ina mambo yake. Wota pampu ni ya umeme, haizungushwi na mkanda, kwa hiyo hufa kama feni inavyokufa: leo inafanya kazi, kesho dashibodi inakwambia injini imechemsha. Ukisimama hapohapo umepona. Ukisema nifike kwanza, umenunua silinda hedi. Jambo la pili wengi hulipuuza kwa kuwa linaonekana dogo. Gasketi ya nyumba ya filta ya oili huvuja, na oili inaangukia mkanda wa mbele. Mkanda ulioloa huteleza, unachanika nyuzi, na nyuzi hizo huweza kuvutwa na puli ya krenki zikapenya kwenye sili ya mbele mpaka ndani ya injini. Gasketi ya mpira tu! Chukua kurunzi uangalie chini ya nyumba ya filta. Pakiwa pameloa na mkanda una mng'ao wa mafuta, shusha bei au achana nalo.

Dizeli ya 30d ni mashine ngumu yenye hila moja: cheni ya taimingi iko nyuma, upande wa giaboksi, na ikianza kulia ni kushusha giaboksi au kutoa injini. Zaidi ya hapo, mwaka 2018 BMW iliyaita magari mengi ya dizeli kwa sababu kipoza cha moshi unaorudishwa kwenye injini kilikuwa kikivuja kulanti, kulanti inachanganyika na masizi, na mchanganyiko huo unaweza kuwaka. Peleka namba ya chesisi kwa wakala uulize kama gari hilo linahusika na kama kazi ilifanyika.

Mercedes ML

Katika yote manne, ML ya kizazi cha 2005 hadi 2011 ndilo gari linalolalamika zaidi kabla ya kufa, na hilo nalihesabu kuwa sifa.

ML 350 za mwanzo za petroli zina gia ya shafti ya mizani (shafti ya kupunguza mtetemo) iliyotengenezwa kwa chuma kilichoshindwa kazi. Meno yake hulika. Injini haizimi ghafla. Taa inawaka, kodi zinasema nafasi za kemshafti, shafti za kufungua vali, haziendani na krenki, gari linaendelea kutembea wiki na wiki. Kurekebisha ndiko kilio, kwa sababu injini lazima itoke. V8 za umri huo zina ugonjwa wa ukoo huohuo kwenye gia nyingine ya cheni. Magari yanayohusika hujulikana kwa namba ya injini, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha: isome namba, ulinganishe, basi.

Dizeli ya V6 ya lita 3.0 ndiyo yenye mashabiki, nami nimo. Ugonjwa wake maarufu umewapoteza mafundi wengi. Kipoza oili kimekaa katikati ya V, chini kabisa, chini ya turbo. Sili zake hunywea kwa joto, oili inajaa kwenye bonde la injini, inateleza kwenda nyuma na kudondokea kwenye maungio ya injini na giaboksi. Fundi analala chini, anaona tone mahali hapo, anasema sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Giaboksi inashushwa, sili mpya inawekwa, kila kitu kinarudishwa, na tone linarudi nalo. Kabla ya kukubali kazi hiyo, mwambie aingize kamera ndogo au kioo cha mkononi juu, nyuma ya turbo, aone kama bonde lina oili. Kama lina, ugonjwa uko juu. Sili mpya za rangi ya zambarau ndizo zilizokuja kuchukua nafasi ya zile za kwanza, na zinadumu zaidi.

Lexus RX

RX 350 halina mengi ya kusimulia, na mwenye kulinunua kwa kawaida analitaka kwa sababu hiyohiyo. V6 ya lita 3.5 haina turbo, haina mbwembwe. Huvuja oili kidogo kwenye kava ya cheni, wota pampu huacha ukoko wa waridi, unabadilisha unaendelea.

Lakini ndilo lenye hitilafu moja ya kuvunja mlango ambayo wanaolisifia husahau kuitaja. RX 350 za mwanzo, zilizoanza kuuzwa 2006, zilikuwa na bomba la oili la kulisha mfumo wa kurekebisha vali, na kipande cha bomba hilo ni mpira. Mpira ukipasuka, oili inamwagika yote kwa dakika chache, na dereva asiyeangalia taa nyekundu ananoki injini iliyokuwa na uwezo wa kuzeeka pamoja naye. Dawa yake ni bomba la chuma tupu. Kurunzi, upande wa mkanda, safu ya silinda ya nyuma: ukiona kipande cha mpira kati ya vipande viwili vya chuma, kazi hiyo haijafanywa, na iwe ya kwanza kabla gari halijatembea safari yoyote ndefu.

RX 400h la mseto, la petroli na umeme, linahitaji uangalifu wa ziada. Inveta, vifaa vya kugeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, za matoleo ya 2006 na 2007 ziliitwa kukaguliwa mwaka 2011. Na betri kubwa hupumua kupitia matundu yaliyo chini ya kiti cha nyuma. Yakizibwa na nyuzi za zulia na manyoya ya mbwa, betri inachemka polepole bila mtu kujua.

Umeme, ambako wengi hupotezea fedha

Kuna gari moja nililiona likihangaisha mwenyewe kwa karibu mwaka, chapa nitaiacha. Vioo vya madirisha vilishuka vyenyewe, redio iliwaka usiku wa manane, betri ilikuwa mfu kila Jumatatu. Alishabadilishiwa altaneta, betri mbili na kompyuta moja. Fundi umeme mmoja mtu mzima hakutoa hata mashine. Alifungua buti, akanyanyua zulia, akabonyeza sifongo ya chini kwa kidole gumba. Maji yakapanda mpaka kwenye ukucha. Chini yake kulikuwa na soketi ya waya yenye unga wa kijani kama kutu ya sarafu ya shaba. Mrija wa kutoa maji ya sanrufu ulikuwa umezibwa na majani. Mvua yote ya mwaka ilikuwa ikimiminika kwenye kompyuta.

Tangu hapo, mtu akiniambia gari lake lina mashetani ya umeme nauliza kwanza kuhusu maji na betri. X5 ya E70 imejaa vifaa vya umeme buti nzima, ndani ya mabonde yanayohifadhi maji vizuri sana. Porsche Cayenne na Audi Q7 betri yao iko chini ya kiti cha mbele, na zulia lililoloa hapo ni kesi kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa hiyo nusa. Gari lililofunikwa harufu ya manukato mazito ya dukani, mimi huinua mazulia yote.

Betri dhaifu huleta maigizo tofauti kwa kila gari. Range Rover likipungukiwa nguvu ya umeme humwaga ujumbe mmoja baada ya mwingine: sasipensheni, breki ya maegesho, mfumo wa kushuka mlima. Mwenye gari anaagiza kompresa ya hewa kumbe anahitaji betri. (Kompresa nazo hufa kweli: mito ya hewa ikivuja kidogo, kompresa inafanya kazi bila kupumzika hadi iungue.) X5 lina kompyuta ya taa na vioo, imekaa karibu na miguu ya waliokaa mbele, ambayo hupoteza kumbukumbu yake umeme ukishuka vibaya au betri ikichomolewa kiholela. Ghafla taa haziendeshwi, madirisha hayasikii. Wengi huuziwa kifaa kipya wakati mtaalamu wa umeme angeweza kuandika upya kumbukumbu ya kile cha zamani. Na X5 likibadilishiwa betri lazima betri hiyo isajiliwe kwa mashine, isipofanyiwa hivyo gari linaichaji mpya kana kwamba ni kizee.

Kwa ML, umeme unaougua uko ndani ya oili. Sahani ya umeme ya giaboksi ya gia saba imezamishwa kwenye oili ya giaboksi, sensa zake za mwendo hufa, na gari linang'ang'ania gia moja. Sahani mpya lazima ioanishwe na gari kwa mashine. Fundi asiye na mashine hiyo atakurudishia gari lisilotembea. Kwenye dizeli yake kuna mota ndogo iliyokaa chini ya mdomo wa turbo, na sili ya mdomo huo ikichoka, oili inaidondokea mota tone kwa tone mpaka ife. Kubadilisha mota bila kubadilisha sili ni kujipa miadi ya kurudi.

RX hapa halina makuu. Swichi moja, sensa moja, taa.

Vipimo viwili vya kwenda navyo. Betri iliyopumzika usiku kucha isome kama volti 12.6, na injini ikiunguruma ipande karibu na 14. Halafu lifunge gari, lisubiri lilale, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi, kisha fundi apime umeme unaovuja: ukizidi milliampia 50, kuna kitu hakilali. Muuzaji mwenye haraka huchukia kipimo hiki kuliko vyote.

Na mashine ya kodi isitumike kutafuta kodi tu. Muulize fundi akuonyeshe kama kompyuta imemaliza vipimo vyake vya ndani. Kodi zikifutwa, vipimo hivyo huanza upya na huchukua siku za kuendesha kukamilika. Dashibodi safi pamoja na vipimo visivyokamilika maana yake huenda mtu amezifuta kodi karibuni.

Nani achukue lipi

Anayeendesha safari fupifupi za mjini aachane na dizeli zote tatu, hata ile ya ML ninayoipenda. Chujio la masizi la kwenye ekzosi linahitaji safari ndefu ili liyachome masizi yake. Likikatizwa kila siku, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili na kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka. Huyo anunue RX 350 lenye bomba la chuma, au X5 35i.

Anayesafiri masafa, tena ana fundi mwenye mashine ya Mercedes, ML ya dizeli. Asiye na fundi wa namna hiyo asinunue gari lolote la Ulaya katika haya, hata akipewa kwa nusu bei. Range Rover ni la mwenye gari la pili nyumbani.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu nyingi. Ikiwa ya moto, mlio wa cheni umeshafichwa, rudi kesho. Ikiwa baridi, simama mbele, mtu mwingine apige stata, usikilize sekunde tano za kwanza. Kisha fungua boneti. Wiki iliyopita nilionyeshwa mawili kwa siku moja: 50i iliyooshwa injini kwa mvuke ikang'aa kama sahani, na ML ya dizeli yenye vumbi, na tone la oili chini ya maungio ya giaboksi. Nililala chini ya lile la pili.